Ruhusa ya Asubuhi

Feni ilizunguka, taa ndogo ya pembeni ikawaka, lakini kioo kilibaki cheusi kama kitako cha sufuria ya msibani. Mwantumu alisubiri, mikono mapajani. Wakati wa mumewe, Mrisho, ukibonyeza swichi ile mashine ililia mara moja, mlio mfupi kama wa kifaranga, ndipo maandishi yakaanza kushuka kiooni. Sasa haikulia. Ilipuliza vumbi tu, kama mtu anayetikisa kichwa na hataki kusema lililomsibu.

Akazima. Akavuta pumzi, akawasha tena. Vilevile.

"Bado?" aliuliza Bi Nyamizi, mama mkwe wake, kutoka upande wa pili wa pazia.

"Bado kidogo, mama."

"Hiyo bado kidogo yako imeanza kuota ndevu, mwanangu."

Mwantumu aliinuka, akafunua pazia, akapiga magoti kando ya kitanda. Bi Nyamizi alijigeuza bila kuambiwa, akasogeza khanga. Juu ya nyonga yake, chini ya ngozi, kulikuwa na taa ndogo kama punje ya dengu. Jana ilikuwa ya kijani kilichochoka. Leo ilikuwa ya njano.

"Rangi gani?"

"Njano."

"Njano ya ndizi au njano ya ugonjwa?"

"Njano tu, mama."

"Basi nipikie uji. Mwenye njano bado anakula."

Figo lile la kiwandani halikuwa mali yake. Kampuni iliyomwekea ilimwekea kwa masharti: kila asubuhi figo liliuliza, kwa mawimbi yasiyosikika, kama mwenyewe anaruhusiwa kuendelea, na kompyuta za kampuni zilijibu ndiyo. Jibu lisipokuja, figo lilikula akiba yake. Likitoka kijani lilikwenda njano, likitoka njano lilikwenda nyekundu, kisha likajifunga. Lilijifunga kwa adabu. Sauti ya mwanamke mpole ilitoka ndani ya mwili wa mgonjwa na kusema, "Tafadhali wasiliana na mtoa huduma wako." Kampuni ilipofunga milango yake na wenyewe wakarudi walikotoka, sauti hiyo ilisikika katika nyumba nyingi za Tabora, na kila iliposikika, kilio kiliifuata.

Kwa Bi Nyamizi haikusikika, kwa sababu alikuwa amemzaa Mrisho.

Mrisho alikuwa fundi simu. Kila mgonjwa alikuwa amepewa na kampuni kisanduku cha plastiki cha kuweka nyumbani, na ndani yake mlikuwa na chipu yenye muhuri wa figo lake peke yake. Watu walivitupa visanduku vile kampuni ilipokufa. Mrisho alikipasua cha mama yake, akaitoa chipu, akajenga kompyuta ya kuizunguka. Bodi aliokota kwenye taka za ofisi moja ya tumbaku. Kioo kilitoka kwenye trekta. Sanduku lenyewe alilichonga kwa mbao za mzinga wa kisasa, na mpaka leo mashine ikipata moto ilinukia nta. Alikonda akiifanya. Siku ilipojibu figo kwa mara ya kwanza, alitoka uani akakaa chini kwenye vumbi akalia, na mama yake akamwambia, "Ungelia hivyo nilipokuchapa, ningekuchapa kidogo."

Sasa Mrisho alikuwa ameanguka kutoka juu ya paa alipokuwa akisafisha sola, na alikuwa amezikwa. Siku ya msiba wanaume waliizima mashine wakaipeleka ghalani, ili akina mama wapate pa kukaa, na matanga yalipoisha wakairudisha. Mwantumu hakuona. Alikuwa chumba cha ndani, amefunikwa, na watu wanamshika.

* * *

"Anza na moto," Mrisho alizoea kusema, yeye akiinama juu ya mashine na Mwantumu akimshikia tochi. "Moto ukiwa mzima, nenda kwenye kumbukumbu. Kumbukumbu zikiwa nzima, nenda kwenye macho. Usiruke. Anayeruka hurudi alikotoka."

Mwantumu hakuruka. Alipima nyaya za betri kwa kipimo cha Mrisho, na umeme ulikuwepo. Alichomoa bodi ndogo za kumbukumbu, akazisugua midomo yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akazirudisha mpaka zikasema "tak". Akawasha. Feni, taa, giza. Akabakiza moja, akawasha. Akaibadilisha na nyingine, akawasha. Akachomoa kioo cha trekta na kuunganisha cha simu kubwa mbovu iliyokuwa rafuni. Giza la kioo kidogo lilikuwa sawa na giza la kioo kikubwa.

Alianza kuongea na mashine kwa sauti ya chini. Alianza kwa kuibembeleza, na alipochoka kubembeleza alinyamaza.

Jirani aliyeleta maji alimkuta amelaza shavu juu ya sanduku. "Mwantumu, wewe uko eda," alimwambia. "Mjane hutulia akamlilia mumewe. Hayo ya mafundi waachie mafundi."

"Fundi nimemzika, dada."

"Basi mwachie Mungu."

"Nimemwachia. Naye kaniachia bisibisi."

Jirani alitua ndoo akaenda zake.

Kilichobaki kilikuwa kuvua kila kitu. Alifungua skrubu moja moja akizipanga kwenye kifuniko cha kopo, akatoa kidirisha cha bati ambacho Mrisho alikuwa amekifunga juu ya kona ya bodi. Hakuwahi kukiona kimefunguliwa tangu mashine ianze kazi. Chini yake palikuwa na tundu jeusi la mraba, lenye vijino vya shaba kila upande. Vijino vilikuwa safi na vinang'aa, kama ufizi uliotoka kung'olewa jino.

Mahali pa chipu palikuwa wazi.

Alitafuta ndani ya sanduku, akatafuta sakafuni, akatambaa ghalani mwote na tochi mdomoni, akachekecha vumbi la mahindi kwa ungo. Alipokuwa akichekecha ndipo alipokumbuka kwamba siku ya mazishi alisikia kicheko ghalani. Katika nyumba ile iliyokuwa ikilia, mtu mmoja tu alikuwa na haki ya kucheka.

Alimtuma jirani amwite Kondo.

* * *

Kondo alikuwa Mzaramo aliyehamia Tabora kuuza asali, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, alikuwa amejifanya mtani rasmi wa nyumba ile. Alimwita Bi Nyamizi "mtumwa wangu", naye akamwita "ngoma tupu". Msibani alifanya kazi ya mtani kama inavyotakiwa. Alijilaza mlangoni jeneza lisipite. Aliiba mchi akaudaia fidia. Alivaa kofia ya marehemu akaiga mwendo wake mpaka waliokuwa wakilia wakapaliwa na kicheko. Wengi walisema baadaye kwamba bila Kondo wasingeimaliza siku ile.

Aliingia akipiga kelele tangu uani. "Wako wapi wapagazi wangu? Nani kaniita nije bila kubebwa?"

"Kaa, shemeji," Mwantumu alisema.

Kondo aliiona mashine iliyovuliwa, akakaa.

"Siku ya msiba ulifungua hili sanduku?"

"Nilifungua. Si nilitangaza? Nilisema nimemteka mtoto wa fundi, atakayemtaka alete fidia." Alitabasamu, akangoja. "Hakuna aliyeleta. Mama alikuwa analia vibaya, nikaona niache."

"Ulitoa nini?"

"Kidude. Cheusi, kina miguu kama mdudu. Nilichagua kidogo nisiharibu."

"Kiko wapi, Kondo?"

Tabasamu lilibaki usoni kwake baada ya furaha yenyewe kuondoka, kama taa iliyosahauliwa. Alitazama pazia, akatazama mashine, na Mwantumu akaona akili yake ikifika.

"Mimi ndiye niliyempokea kaburini," Kondo alisema. "Unajua nilikuwa mimi. Tulipomlaza kwenye mwanandani nikakumbuka kile kidude kiko mfukoni. Nikakitia kwenye sanda, ubavuni, karibu na mkono. Nikamwambia, 'Fundi, usiende mikono mitupu.' Watu walicheka, shemeji. Hata shehe alicheka." Alifuta midomo. "Nilidhani ni skrubu. Wallahi nilidhani ni kitu kama skrubu."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.

"Niinueni," Bi Nyamizi alisema. "Nataka kuwaona usoni."

Walimwinua, wakamwegemeza ukutani. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho. Alimtazama Kondo kwanza.

"Ngoma tupu, umeniua."

Kondo alifungua kinywa. Machozi yakatangulia.

"Usilie. Sikukupa ruhusa ya kulia, mtumwa hamlilii mtumwa. Ulifanya la mtani na mwanangu aliagwa vizuri." Kisha akamgeukia Mwantumu. "Na wewe najua unachowaza. Nimekulea katika nyumba hii, nakijua kisogo chako kinapowaza. Sitaki."

"Mama, ni mchanga tu. Ni kitu cha muda mfupi. Atafunikwa tena, atasomewa tena."

"Afukuaye maiti huku kwetu anaitwa jina gani?"

Mwantumu aliinamisha kichwa.

"Litaje."

"Mchawi."

"Haya. Mimi nilimtoa Mrisho tumboni mara moja na aliniuma. Simtoi ardhini. Alinipa miaka ambayo haikuwa yangu, nimeila, nimeshiba. Amelala, mwacheni alale. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

"Sikukuuliza masikio. Sema hutamgusa."

Nje mtu alikuwa akitwanga. Mwantumu alikaa akisikiliza mchi ukipanda na kushuka.

"Sitamgusa," alisema.

"Ahsante, mwanangu," alisema Bi Nyamizi, na hilo ndilo lililokuwa zito kubeba.

* * *

Taa iligeuka nyekundu. Bi Nyamizi alianza kumwita Mwantumu kwa jina la dada yake aliyekufa utotoni. Aliomba maji na hakuyanywa. Ngozi yake ilikuwa na harufu ya mkojo hata baada ya kuoshwa, na alijikuna usingizini mpaka akatoka damu. Kisha akaacha kujikuna. Alilala kinywa wazi, macho nusu, akikoroma kwa mbali kama mtu aliye chumba kingine.

Mganga wa zahanati alikuja, akaibonyeza taa kwa kidole, akasema angempeleka hospitali ya mkoa kama ingekuwa na dawa ya kulishawishi figo la kampuni. Hakuna hospitali iliyokuwa nayo. Alimpa Mwantumu pole kabla ya wakati wake, akaondoka.

Mwantumu alikaa sakafuni kando ya kitanda akiushika mguu wa mama mkwe wake. Mguu ulikuwa umejaa maji, na alipouachia alama za vidole vyake zilibaki. Aliahidi. Lakini aliyemwahidi hakuwepo tena pale. Alikuwepo mwanamke anayemwita dada. Je, ahadi humfuata mtu akili yake inapoondoka? Kama angekuwa mzima angesema hapana tena, Mwantumu alilijua hilo wazi, hakujidanganya. Alijua pia kwamba hapana ile ingekoma pamoja na mwenye kuisema, na yeye angebaki katika nyumba yenye vitanda vitupu na mashine iliyokuwa nzima, akijua ni kitu gani kilikosekana na kiko wapi. Alimzika mmoja akiwa hana la kufanya. Kwa huyu wa pili alikuwa na la kufanya.

Hakuwa anamwokoa Bi Nyamizi kwa ajili ya Bi Nyamizi. Alijiambia hivyo kwa maneno, ili asije akasahau baadaye.

Kondo alikuwa uani, amekaa juu ya ndoo yake ya asali iliyofunikwa, kama alivyokaa tangu siku alipoitwa. Hakuwa akiingia na hakuwa akienda.

"Chukua jembe," Mwantumu alimwambia.

Walitoka adhuhuri, jua likiwa utosini na wanaume wakiwa msikitini. Mwantumu alikuwa na nguo zake za eda, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mihogo alimwona, akashika kiuno, akamfuata kwa macho mpaka kona. Mjane haendi hata kisimani. Huyu alikuwa anakwenda makaburini, tena na mwanamume, tena na jembe.

Udongo ulikuwa bado laini. Kondo alichimba bila kupumzika, na walipofika kwenye mbao alitaka kuingia yeye.

"Nilikiweka mimi," alisema.

"Na mimi nilimwahidi mama kwamba sitamgusa," Mwantumu alisema. "Kama ni kuivunja, siivunjii mgongoni kwa mtu mwingine. Panda."

Alishuka. Aliinua ubao mmoja tu. Hewa iliyotoka ilimfanya azibe pumzi na kufumba macho, na akaingiza mkono akipapasa sanda kama alivyokuwa akipapasa ubavu wa Mrisho alfajiri, kuona kama ameamka. Alikuwa akisema, "Ni mimi. Ni mimi tu." Vidole vyake vilipata mikunjo ya nguo, kisha kitu kingine, kisha miguu midogo ya chuma.

* * *

Aliisafisha chipu kwa pamba na spiriti ya dawa. Mguu mmoja ulikuwa umepinda, akaunyoosha kwa kibanio cha nyusi, akiogopa kupumua. Aliutazama upande wenye alama, akaulinganisha na alama ya tundu, akakandamiza kwa dole gumba mpaka ikazama. Akarudisha kidirisha cha bati. Akarudisha kila skrubu, ingawa Kondo alimwambia awashe kwanza. Hakuruka.

Feni ilizunguka. Taa ikawaka.

Mashine ikalia kama kifaranga.

Maandishi yakashuka, mistari ile ile ya Mrisho, yenye makosa yake yale yale ya herufi, na mwisho swali lake: TOA RUHUSA? Mrisho angeweza kuifanya mashine ijibu yenyewe. Hakutaka. Alisema anataka akiamka amsalimie mama yake kwa kidole kabla ya kumsalimia kwa mdomo.

Mwantumu alibonyeza. Chini ya ngozi ya Bi Nyamizi taa iliwaka nyekundu, ikasita, ikawa njano. Kulipokucha ilikuwa kijani.

Akili yake ilirudi polepole, kama mtu anayerudi kutoka safari na mizigo mingi. Aliuliza ni siku gani. Alikunywa uji. Aliisikiliza feni kwa muda mrefu, ndipo akauliza alilokuwa akiliogopa Mwantumu.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya, mama."

"Kile kidude kilipatikana wapi?"

"Kwa Kondo. Alikosea. Kumbe kile cha kaburini kilikuwa skrubu kweli. Hiki kilikuwa kwenye mfuko wa suruali yake nyingine."

Bi Nyamizi alimtazama. Huenda aliamini. Alionekana akitaka sana kuamini, na uso wake ulianza kulegea.

"Mwite huyo ngoma tupu, nimtukane nipate nguvu."

Kondo aliitwa. Alivua viatu mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Aliingia ameinama. Bi Nyamizi alikuwa tayari na tusi lake mdomoni, amelishikilia kama mtoto anayeshikilia jiwe nyuma ya mgongo, akimngoja aanze.

Kondo alipiga goti.

"Shikamoo, mama," alisema.

Hakuna mtani anayemwamkia mtani wake hivyo, labda awe amemkosea kosa ambalo utani hauwezi kulibeba. Bi Nyamizi hakuitikia. Aliigeuza shingo yake taratibu akamtazama Mwantumu, akaitazama mikono yake, akamtazama tena usoni.

"Ulimgusa," alisema.

Mwantumu aliikunja mikono ndani ya khanga yake.

"Ulimgusa mwanangu."

"Ndiyo."

"Izime hiyo."

"Mama..."

"Mimi si mama yako. Wewe ni mke wa Mrisho. Izime."

Kondo alitoka na viatu vyake mkononi. Hakurudi tena kuuza asali mtaa ule. Watu walisema amehamia Urambo, na wengine walisema wamemwona huko katika msiba, amekaa pamoja na wafiwa, amenyamaza.

* * *

Mrisho alikuwa amesema mara nyingi, akiwa na hasira, kwamba ubaya wa kampuni haukuwa kulifunga figo. Ubaya wake ulianza siku lilipokuwa likifanya kazi vizuri: kwamba mtu mzima alale hajui kama kesho ataruhusiwa, na mwenye kuruhusu ni mwingine. Mwantumu alikuwa akimkubalia, akimshikia tochi.

Sasa huamka kabla ya jogoo. Huwasha mashine, hungoja mlio, hungoja mistari. Nyuma ya pazia Bi Nyamizi naye huwa macho. Mwili wake umepona. Hutembea mpaka uani, hula chakula kinachopikwa na jirani, hujifulia nguo zake. Chakula cha Mwantumu hakili na salamu yake haipokei. Katika siku nzima humwambia neno moja, na humwambia saa hiyo, swali likiwa limesimama kiooni.

"Usibonyeze," husema.

Hasemi kwa hasira. Husema kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani ambaye anajua hatampa.

Mwantumu hajamwomba radhi. Amewahi kupiga magoti mbele ya pazia na maneno yakiwa tayari, na akagundua kwamba hana haki nayo, maana mwenye kuomba radhi huwa ameacha. Yeye hajaacha. Hulifanya upya kila kukicha, akiwa na akili timamu, kwa mwanamke mwenye akili timamu.

"Usibonyeze, mke wa Mrisho."

Hubonyeza. Kisha hukaa pale, mgongo wake kwenye pazia, akinusa nta, akisikiliza upande wa pili mtu akivuta pumzi.